Robert Hayden Hakukimbia Weusi Wake, Sisi Ndo Tunamsoma Vibaya

Tangu Januari 2025, serikali ya Trump ilipoanza kufuta mipango ya DEI (ya kuongeza watu wa makundi yaliyobaguliwa na kuwapa usawa) kwenye idara za serikali kule Marekani, afu mwezi Machi ikaja amri nyingine ya kuyabana makumbusho ya Smithsonian, yale ya taifa (na lile la historia na utamaduni wa Weusi pale Washington likatajwa kabisa kwa jina), mjadala umefika mpaka huku kwetu, kwenye magrupu ya watu wanaopenda vitabu. Na kuna hoja moja naiona inajirudia sana, kwamba mwandishi ni mwandishi tu, kazi nzuri itajisemea yenyewe, mambo ya rangi yawekwe pembeni. Wanaoipinga hoja hii nao wana jibu lao la haraka, kwamba Mweusi yeyote anayesema hivyo anajikana. Sasa kati ya washairi Weusi wa Marekani wa karne ya 20, mtu aliyesimama na kauli inayofanana na hiyo waziwazi mbele za watu na akalipia ni Robert Hayden, mshairi na mwalimu wa chuo kikuu. Kwa hiyo ni rahisi sana kila upande ukamchukua, mmoja ukamfanya shahidi wake na mwingine ukamfanya msaliti, na mimi nasema pande zote mbili zinamkosea. Hayden alikataa kitu kimoja tu, kuwekewa mizani ya pembeni ya kupimia mashairi yake. Historia ya watu wake hakuikataa hata siku moja, aliichimba kuliko wengi waliomzomea. Na maisha yake yenyewe ukiyafuata hatua kwa hatua yanaivunja hii hoja ya "kazi itajisemea" kwa namna ambayo watetezi wake wa leo hawajaifikiria.

Tuanze na mtu mwenyewe. Alizaliwa Detroit tarehe 4 Agosti 1913, na jina lake la kuzaliwa sio Hayden, ni Asa Bundy Sheffey. Wazazi wake waliachana kabla hajazaliwa, akachukuliwa na majirani, mzee William Hayden na mkewe Sue Ellen, akakulia kwao Paradise Valley, mtaa wa Weusi wenye hali ngumu, kwenye nyumba yenye ugomvi usioisha. Macho yake yalikuwa mabovu tangu utotoni, alivaa miwani minene sana, michezo ya watoto wenzake ikampita akaishia kwenye vitabu. Akiwa na miaka 40 ndo akaja kujua kwamba wale waliomlea hawakuwahi kumuasili kisheria, maana yake lile jina alilokuwa analiweka kwenye majalada ya vitabu kwenye makaratasi ya serikali halikuwa lake. Sisemi kwamba hili peke yake linaeleza msimamo wake, ila mtu aliyepitia hayo ukimjia na kumwambia wewe ni wa kundi hili, andika hivi, lazima atakuuliza nani kakupa hayo mamlaka.

Chuo alianzia Detroit City College, ambacho leo ni Wayne State, akatoka 1936 bila kumaliza, akaingia kwenye Federal Writers' Project, ule mradi wa serikali ya Roosevelt wa kuwapa waandishi kazi wakati wa mdororo wa uchumi. Kazi aliyopewa ilikuwa kutafiti historia na simulizi za Weusi wa Michigan. Kitabu chake cha kwanza cha mashairi kikatoka 1940, mwaka huohuo akamuoa Erma Morris, mpiga piano na mwalimu wa muziki. Baadaye akaenda University of Michigan, akafundishwa na mshairi W. H. Auden, akapata shahada ya uzamili 1944, na katikati hapo, 1943, akajiunga na dini ya Wabahai yeye na mkewe. Mwaka 1946 akaenda kufundisha Fisk, chuo cha Weusi kilichopo Nashville, Tennessee, akakaa miaka 23. Mzigo wa vipindi ulikuwa mkubwa, na mashairi aliyaandika kwenye muda uliobaki baada ya kusahihisha kazi za wanafunzi, mwenyewe alikuwa anasema yeye ni mshairi anayefundisha ili aweze kuandika shairi moja moja. Mwaka 1969 akarudi Michigan kama profesa, na 1976 akateuliwa kuwa mshauri wa ushairi wa Maktaba ya Bunge la Marekani, nafasi ambayo leo inaitwa Poet Laureate, Mweusi wa kwanza kuishika. Alifariki Ann Arbor tarehe 25 Februari 1980.

Ugomvi wenyewe ulikuwa Aprili 1966. Pale pale Fisk, kwenye chuo alichofundisha miaka 20, ulifanyika mkutano wa waandishi Weusi. Hewa ya wakati ule unaijua, Malcolm X ameuawa mwaka mmoja nyuma, miezi miwili mbele mwanaharakati Stokely Carmichael atasimama Mississippi kuitangaza Black Power, nguvu kwa Weusi, vijana wanataka waandishi waliojipanga mstari wa mbele. Hayden akasimama akasema yeye ni mshairi ambaye ni Negro, asichukuliwe kama mshairi wa Weusi halafu basi. Akashambuliwa ukumbini, na aliyempiga vizuri zaidi alikuwa mzee mwenzake Melvin Tolson, mshairi na mwalimu maarufu wa midahalo, ambaye alijibu kwamba yeye Tolson ni mshairi Mweusi na hakuwa hivyo kwa bahati mbaya. Ukumbi ulikuwa na Tolson. Kuanzia hapo Hayden akabeba jina baya mbele ya wanafunzi wake mwenyewe, na mpaka leo ukisoma habari zake mara nyingi sana tukio hili linakuja kabla ya mashairi.

Lakini mwezi huohuo, Aprili 1966, kule Dakar, Senegal, rais wa nchi hiyo, Senghor, alikuwa ameandaa tamasha la kwanza la dunia la sanaa za Weusi, na kitabu cha Hayden kiitwacho A Ballad of Remembrance kikapata tuzo kuu ya ushairi. Yaani Afrika inampa heshima, na Nashville kwao anazomewa, kwenye mwezi mmoja. Na tamasha hilohilo la Dakar lilimpa tuzo mshairi Christopher Okigbo wa Nigeria, na Okigbo akaikataa, akisema hakuna kitu kinaitwa mshairi wa Kinegro. Huyu ni Okigbo yule aliyekuwepo Makerere mwaka 1962 kwenye mkutano wa waandishi wa Afrika, ambao Langston Hughes, mshairi Mweusi wa Marekani, naye alihudhuria. Mwaka mmoja baada ya kuikataa tuzo, Okigbo akaingia jeshi la Biafra, jimbo lililotaka kujitenga na Nigeria, na akafa vitani. Unaweza usikubaliane naye kuhusu Biafra, ila kusema kwamba alikuwa mtu wa kukimbia watu wake hutaweza. Kwa hiyo kauli ya kukataa kuitwa mshairi wa Weusi haikutuambia chochote kuhusu mtu yuko upande gani. Kama Okigbo tulimwelewa, na Hayden alisema kitu kilekile tena kwa upole zaidi, basi tatizo halikuwa kauli, tatizo lilikuwa nani kaisema, wapi, na mwaka gani.

Hoja ya kumuita msaliti ndo dhaifu kuliko zote na inakufa ukifungua vitabu vyake tu. Chukua shairi la Middle Passage, jina la safari ya meli za watumwa kuvuka Atlantiki, lilitoka mara ya kwanza katikati ya miaka ya 40 kwenye jarida la Phylon, lile lililoanzishwa na msomi Mweusi W. E. B. Du Bois pale Atlanta University. Hayden aliwahi kusoma kwenye shairi la mzungu mmoja, Stephen Vincent Benét, ambamo Benét anakiri kwamba yeye hawezi kuuimba utenzi wa Weusi, na kwamba siku moja atatokea Mweusi wa kuuimba. Hayden akaamua huyo mtu ni yeye. Akaenda kukaa kwenye makabrasha ya mkusanyo wa Schomburg, maktaba ya kumbukumbu za Weusi pale New York, akasoma habari za meli za watumwa. Na alichofanya na zile habari ni kitu cha kutisha, kwa sababu hakumpa mtumwa maikrofoni alie, aliwaacha wenye meli waongee wenyewe. Shairi linaanza na majina ya meli, Jesús, Esperanza, Mercy, yaani Yesu, Tumaini, Huruma, ndo majina waliyoyapa meli za kubebea binadamu. Halafu inakuja daftari ya safari ya mwaka 1800, baharia anaandika kwamba Weusi wameanza ukorofi na mabaharia wana wasiwasi. Kisha anaeleza ugonjwa wa macho uliozuka kwenye meli, watu wanapofuka, na anaandika kwa utulivu kabisa kwamba wale vipofu wamewatupa baharini na haijasaidia, ugonjwa unaendelea, sasa nahodha mwenyewe haoni. Kumbuka anayeandika haya ni mtu ambaye macho yake yalikuwa karibu hayafanyi kazi, anaziinamia zile karatasi. Katikati ya madaftari zinapita tenzi za kanisani wanazoimba haohao. Sehemu ya pili mfanyabiashara mzee anasimulia vituo vya Gambia na Calabar na wafalme wa Kiafrika waliouza mateka wa vita, Hayden hakulificha hilo hata kidogo. Sehemu ya tatu ni meli ya watumwa ya Amistad, 1839, pale mateka Cinqué na wenzake kutoka Sierra Leone walipoasi, na anayesimulia ni Mhispania aliyenusurika, analalamika kwa hasira kwamba inakuwaje nchi ambayo utajiri wake umesimama juu ya jasho la watumwa inamruhusu mzee John Quincy Adams, rais wa zamani wa Marekani, awatetee wauaji hawa. Yaani adui ndo anaisema kweli yote bila kujua ameisema. Mpaka mwisho Cinqué hapewi hotuba, ila unamaliza ukiwa unajua nani binadamu kwenye ile meli.

Sasa niambie huyo mtu kakimbia wapi. Kuna Runagate Runagate juu ya Harriet Tubman, aliyewatorosha watumwa, na watumwa waliotoroka usiku, kuna soneti ya Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka akapigania uhuru wa wenzake, kuna la Nat Turner, mtumwa aliyeongoza uasi, kuna la Malcolm alilolipa jina la El-Hajj Malik El-Shabazz, jina ambalo Malcolm alijichagulia. Kuna Night, Death, Mississippi, ambalo ndani yake msemaji ni mzee mgonjwa wa Klan, lile kundi la wazungu lililoua Weusi, yuko kitandani, anasikia kelele za usiku, anasikitika kwamba hana nguvu za kwenda kuua na mwanawe kama zamani, na mwisho mama anawaambia watoto wamletee baba yao maji anawe damu. Maji tu, kama vile mtu katoka shamba. Sijui shairi lingine la kizazi kile lililoingia ndani ya nyumba ya muuaji kiasi hicho.

Lililompa jina kwa watu wengi hata hivyo ni Those Winter Sundays, mistari 14, baba anaamka hata Jumapili kwenye baridi kali, mikono imepasuka kwa kazi za wiki nzima, anawasha moto, anampigia mtoto viatu rangi, na hakuna mtu anayemshukuru. Kila siku ya akina baba linazungushwa mitandaoni, na rangi ya mtu haitajwi popote kwenye shairi hilo. Hapa ndipo wale wa "rangi iwekwe pembeni" wanapopata mfano wao, wanasema unaona, hili ni la watu wote. Ni la watu wote kweli, naliamini hilo. Lakini ile mikono iliyopasuka ni mikono ya kibarua Mweusi wa Detroit, na shairi lilichapishwa kwenye kitabu kilekile kilichobeba Middle Passage, kile kilichotoka London 1962 na kushinda Dakar. Hayden mwenyewe aliyaweka pamoja. Kusambaza moja na kulifungia lingine kabatini kwa sababu linagawa watu ni kumfanyia kinyume cha alichopigania, kwa sababu dai lake lilikuwa kwamba habari ya meli ya watumwa nayo ni habari ya watu wote, na anayeiandika apimwe kama anavyopimwa mshairi yeyote mkubwa. Kwenye utangulizi wa mkusanyo aliouhariri mwaka 1967, Kaleidoscope, alieleza hofu yake waziwazi: mshairi Mweusi anafungiwa kwenye geto la fasihi ambako vigezo wanavyopimiwa wengine havitumiki kwake. Huyo analalamikia kupimwa kwa kudharauliwa. Hajaomba historia ifutwe.

Ila sitaki kuwaonea waliompinga, kwa sababu kuna upande wao mmoja una nguvu na watetezi wa Hayden huwa wanauruka. Walimuuliza, hiyo mizani ya wote unayoitaka nani kaishika? Mwaka 1966 wahariri wa majarida makubwa ni wazungu, wachapishaji ni wazungu, wanaopanga silabasi za vyuo vikuu ni wazungu, kwa hiyo ukisema "nipimeni kama mshairi tu" unaenda kusimama mbele ya jopo ambalo halikuwa na mpango na wewe. Na ushahidi wao ni Hayden mwenyewe. Mtu aliyekuwa na Middle Passage mkononi tangu miaka ya 40 alikaa mpaka 1966, ana miaka 53, ndo mchapishaji wa Marekani akatoa mkusanyo wa mashairi yake teule. Kile kitabu cha 1962 kilichapishwa Uingereza. Kama kazi nzuri ingekuwa inajisemea, hii ilikuwa imeshasema miaka 20 na hakuna aliyekuwa anaisikiliza.

Na angalia nani walimbeba. Serikali ilimlipa kijana asiye na digrii akatafute historia ya Weusi. Maktaba iliyotunza kumbukumbu za Weusi ndo ilimpa malighafi. Jarida la chuo cha Weusi ndo lililochapisha shairi lake kubwa. Chuo cha Weusi ndo kilichomlipa mshahara miaka 23, mdogo lakini ulikuwepo. Tamasha la Afrika ndo lilimpa tuzo. Na mshairi Mweusi Dudley Randall, alipoanzisha kampuni ya uchapishaji ya Broadside Press pale Detroit mwaka 1965, kati ya karatasi zake za shairi moja moja za mwanzo kabisa aliweka shairi la Hayden kuhusu Gabriel, yule mtumwa aliyepanga uasi Virginia mwaka 1800 akanyongwa, na kwenye mfululizo huohuo yumo Tolson na yumo mshairi Gwendolyn Brooks. Yaani hao waliogombana ukumbini walikuwa wanachapishwa na mtu mmoja. Kwahiyo nikiulizwa nani alikuwa sahihi 1966 nitasema Hayden alikuwa sahihi kuhusu shairi na wenzake walikuwa sahihi kuhusu kiwanda kinachotengeneza shairi, na makosa ya pande zote ni kudhani kwamba ukikubali moja lazima ukatae lingine.

Brooks ni mfano mzuri wa hili. Mwaka 1967 alienda Fisk kwenye mkutano wa pili wa waandishi Weusi, akakutana na wale vijana, akabadilika kweli, akaacha mchapishaji wake mkubwa wa New York akahamia kwa Randall. Wengi wanasimulia kana kwamba yeye alichagua watu wake na Hayden akachagua ukumbi wa wazungu. Lakini Hayden hakuhamia popote, alikuwa Nashville kwenye ubaguzi tangu 1946, akifundisha watoto wa Weusi kuandika, miaka ambayo wengi wa waliomzomea walikuwa hawajamaliza shule ya msingi. Julius Lester, ambaye baadaye alikuwa mwanaharakati wa SNCC, chama cha vijana cha kupigania haki za Weusi, na mwandishi mkubwa, alipita kwenye darasa lake. Kufundisha ufundi wa mstari kwa kijana Mweusi wa Tennessee mwaka 1955, ukimwambia hapa umezembea, rudia, kwa sababu unaamini anaweza kufika popote, nayo ni siasa, hata kama haina bango.

Sasa turudi kwenye haya ya 2025. Mei mwaka huo aliyekuwa mkuu wa Maktaba ya Bunge, Carla Hayden, mwanamke wa kwanza na Mweusi wa kwanza kuishika ile nafasi, alifukuzwa kwa barua pepe. Mwezi uliotangulia, mfuko wa serikali wa elimu za utu, NEH, ulikuwa umefuta ruzuku zaidi ya elfu moja. Mtu anaweza akasema hizo ni siasa za Washington, haziwahusu washairi, na kwamba aliye na kipaji ataandika tu. Ndo hapo mfano wa Robert Hayden unapowakatalia. Kipaji alikuwa nacho, lakini lile daftari la baharia aliyetupa vipofu baharini hakulitoa kichwani, alilitoa kwenye karatasi ambazo mtu alizikusanya, mtu akazitunza, na kuna mtu aliyelipa ziendelee kutunzwa. Wanaotaka washairi wasioegemea rangi, wanaomtaja Hayden kwa heshima, hawawezi kuwa wanashangilia wakati huohuo makabrasha yakifungwa na maonyesho ya utumwa yakipunguzwa makali. Na wanaomkasirikia hadi leo kwa maneno ya dakika chache ya mwaka 1966, waanze na Middle Passage, walisome kwa sauti mara mbili, halafu ndo tubishane.